USIJIFICHE HEKALUNI

Leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna kijana wetu aliyelipa mara nne. Ameniruhusu niseme bila kumtaja. Mtu aliyejifanya msichana alimwomba picha za uchi Facebook, naye akatuma. Muda si muda: tuma elfu tano, la sivyo mamako na kanisa lako wataziona. Akatuma. Kesho yake, elfu kumi. Akauza baiskeli, akakopa. Alipomweleza mwenzake wa maombi, aliambiwa: "Nyamaza, lipa, omba yapite. Usiaibishe kanisa."

Ushauri huo naupinga mbele za Mungu na watu.

Fungua Nehemia 6. Sanbalati alimwita Nehemia mara nne, akakataa. Mara ya tano akatuma barua isiyofungwa: tumesikia unataka kuwa mfalme, habari hii itamfikia mfalme, basi njoo tuongee. Huko ndiko kumtisha mtu kwa aibu ili akutii. Nehemia hakwenda. Ndipo Shemaya akamshauri ajifiche hekaluni. Ulisikika ushauri wa kiroho, lakini Nehemia akatambua kwamba mtu huyu amekodiwa ili amtie hofu.

Ewe unayemwambia ndugu yako anyamaze na alipe, hujakodiwa, lakini kazi ya Sanbalati unaifanya bure.

Utasema, "Pasta, Nehemia alisingiziwa. Mimi nilituma kweli." Sawa, tubu. Lakini toba huenda kwa Mungu, haiendi kwa M-Pesa. Yesu alishalipa deni lako. Huyo mhalifu hana msamaha wa kukuuzia, na hata kimya hakiuzi. Kila ukilipa unamwonyesha mambo mawili: unaogopa, na pesa unazo.

Tena sheria ya Kenya inamhukumu yeye. Kifungu 299 cha Sheria ya Adhabu kinasema anayedai kitu kwa maandishi ya vitisho anaweza kufungwa hadi miaka 14. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu 27, inamwekea anayemsumbua mtu mtandaoni faini ya hadi shilingi milioni 20, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili.

Na wewe unayezituma hizo picha kwa kikundi cha WhatsApp ukiandika "tumwombee huyu," soma kifungu 37. Kusambaza picha za siri za mtu ni faini ya hadi shilingi 200,000, au miaka 2 jela, au vyote. Kama aliye kwenye picha ni mtoto, kifungu 24 kinafika miaka 25. Hayo si maombi. Ni umbea uliovaa kanzu ya kwaya.

Kwa hivyo, mpendwa uliyebanwa usiku huu, fanya hivi. Usilipe. Kama ulishalipa, acha leo. Usifute mazungumzo kwa aibu, maana huo ndio ushahidi. Piga picha za skrini, hifadhi namba yake, jina la akaunti na jumbe zote za M-Pesa. Iripoti akaunti hiyo kwa mtandao wenyewe. Nenda kituo cha polisi, uhakikishe umepewa namba ya OB, kisha uombe kesi ifike kwa DCI. Ukiogopa kwenda peke yako, nipigie. Mimi au mzee wa kanisa tutafuatana nawe, na hatutakuuliza picha inaonyesha nini. Ikiwa ni mtoto, piga 116, ni bure.

Wazazi, mtoto akija na jambo hili, fimbo iwekeni chini kwanza. Akiwaogopa ninyi kuliko mhalifu, atamlipa mhalifu.

Nehemia alikataa kujificha, na ukuta ukaisha kwa siku 52. Wewe pia una ukuta wa kujenga. Baba, mvue mwanao hofu usiku huu, umpe ujasiri wa kusema. Katika jina la Yesu.

Barikiwa. Kuna mtu anayeuhitaji ujumbe huu. Huu ndio wa kusambaza.