Mwalimu wa UPE akifariki, mbona wasifu wake unaruka pale?

Wadau, leo tuongee kuhusu misiba ya walimu, na hasa ile karatasi inayosomwa kabla ya kwenda makaburini. Wasifu wa marehemu. Walimu walioingia kazini miaka ya 1970 ndio wanaotutoka sasa, na kiukweli kuna kitu kinanikera kwenye karatasi zao. Marehemu alizaliwa, akasoma mpaka darasa la saba, halafu ghafla "aliajiriwa kuwa mwalimu, akapata mafunzo mbalimbali". Mafunzo yapi? Wapi? Hapo msomaji anakohoa kidogo anaenda aya inayofuata, ile ya mke na watoto.

Kinachorukwa ni herufi tatu tu: UPE.

Kwa vijana ambao hamkuwepo: Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Uamuzi mzuri, lakini walimu watoke wapi? Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapangiwa shule, wakawa wanafundisha madarasa ya chini huku na wao wanafundishwa ualimu hukohuko: masomo yanakuja kwa posta, vipindi vinasikilizwa redioni, mkufunzi anawafuata. Asubuhi mwalimu, jioni mwanafunzi. Wengine walikuwa hata ndevu hawajaota.

Nchi ikawashukuruje? Kwa utani. UPE ikageuzwa kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Na mchezo huo hatukuuacha. MMEM ilipoanza 2002 tukawa na walimu wa "yeboyebo", kama vile viatu vya plastiki. Zikaja shule za kata, vijana wa kidato cha sita wakapigwa msasa haraka haraka, tukawaita "vodafasta". Kila nchi inapokuwa na haraka, kuna kijana anatwishwa mzigo, na jina la kejeli juu yake.

Sasa nije nyumbani. Hapa Kawajense tumemzika mwalimu mmoja wa aina hiyo. Jina silitaji, familia bado ina msiba, ila waliopita mikononi mwake watamjua. Alianza kazi 1976. Masomo yake ya ualimu, alivyotusimulia mwenyewe, yalikuwa yanaletwa na treni kutoka Tabora. (Watu wa Kigoma wamejimilikisha jina la mwisho wa reli, lakini reli inaishia na hapa Mpanda pia, msisahau.) Treni ikichelewa, na somo linachelewa, na yeye Jumatatu ana watoto wanamsubiri.

Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Darasani tulikuwa wengi, nyumbani mmoja anaongea Kibende, mwingine Kikonongo, mwingine Kisukuma, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza. Hesabu tulijifunza kwa vizibo vya soda, herufi tukaandika mchangani nje kwanza, maana daftari halikuwa kitu cha kuchezea. Ukikosea alikuwa anakuja kuchuchumaa upande wako, anaangalia unakotokea mpaka ukakosea. Fimbo alikuwa nayo, nisimpambe, na aliitumia. Lakini kwa kosa la hesabu hakuitumia kamwe.

Nimelifikiria sana hilo la kuchuchumaa. Nimefundishwa baadaye na watu wenye shahada mbili, somo linawatoka kama maji, na ukiwaambia hujaelewa wanarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu wetu alikuwa anajifunza kitu Ijumaa anakifundisha Jumatatu. Jiwe la njiani alilijua lilipo kwa sababu kidole chake bado kilikuwa kinauma. Hicho si kitu cha kuruka kwenye wasifu. Mimi ningekiweka mstari wa kwanza.

Najua kuna atakayesema UPE iliharibu elimu. Tusikwepe: madarasa yalifurika, watoto walisoma chini ya miti, na wapo walimu ambao sehemu za hesabu ziliwashinda mpaka wakastaafu. Wazazi waliolalamika walikuwa na haki. Lakini aliyepanga haraka ile si kijana wa darasa la saba. Halafu tazama upande wa pili: kufikia 1986 serikali ilihesabu watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Nani alikuwa anasimama jioni mbele ya madarasa ya kisomo? Mara nyingi ni walewale. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake kwa mwalimu yuleyule aliyekuwa ananifundisha mimi asubuhi.

Kinachonishangaza ni hiki. Marais wetu watatu walikuwa walimu: Nyerere, Mwinyi na Magufuli. Nyerere amefariki 1999 na mpaka leo ukisema "Mwalimu" peke yake, kila mtu anajua ni nani. Kwa aliyesoma Makerere na Edinburgh neno hilo likawa taji. Kwa kijana aliyetekeleza agizo la mkutano wa Musoma huku Mpanda, na baadaye akajiendeleza kwa mshumaa mpaka Daraja la A akiwa na watoto wanne, likawa kitu cha kufichwa na wanawe mwenyewe.

Na siwalaumu wanawe. Binti yake mkubwa aliniambia waziwazi: "Kaka, tungesoma UPE pale mbele za watu, wangecheka." Ana haki ya kuogopa. Hata siku ya kuchimba kaburi nilimsikia mzee mmoja anatania hivyohivyo, na watu wakacheka kweli.

Sasa familia inataka kujengea kaburi, na sisi wanafunzi wake wa zamani tumeombwa mchango na maneno ya kuandika. Hela imeshatimia. Kwenye maneno ndio tumekwama. Wengi wanataka "Mwalimu Mstaafu" iishie hapo. Mimi nimependekeza "Mwalimu wa UPE, 1976" na jina lake chini. Fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi, na binti bado hajasema kitu.