Tangazo halijazi bidoni



Wiki iliyopita nilinunua mega za franka 500 ili nitume barua ya kuomba kazi. Sijafika popote, tangazo likatokea: sabuni, povu, maji yanatoka kwa robine kwa nguvu, na sauti ya Kifaransa safi inatuambia tunawe mikono tusipate kolera. Wakati ule ule mdogo wangu alikuwa anatoka na bidoni mbili kutafuta maji, juu robine ya lupango letu haitoi hata tone. Mama akachungulia simu, akacheka: «Banatuonesha mayi. Balete mayi!»

Tuseme wazi: hatupingi usafi. Kolera ilitupiga mwaka 2025, tunaijua. Inapita kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na mgonjwa asiyetibiwa anaweza kufa kwa saa chache. Kunawa kunaokoa maisha. Lakini tunawe na nini?

Tangazo la kulipia kwenye Facebook linalipwa kwa Meta, kampuni ya Marekani. Kisha ripoti inaandikwa: tangazo «limefikia» watu wengi. Kufikia maana yake limepita kwenye ekrani. Kijana aliyelisukuma kwa kidole ili aone goli, amehesabiwa. Mama wa Lubunga mwenye simu ndogo isiyo na intaneti, anayechota mtoni, hahesabiwi.

Tulishaona hii sinema. Machi 2020, Facebook iliahidi kulipa OMS matangazo ya bure ya Covid, kadiri itakavyohitaji. Machi 2021, nchi yetu ikapokea dozi milioni 1,7 za AstraZeneca. Watu wakasikia kwamba nchi za Ulaya zimesimamisha sindano ile juu ya damu kuganda. Kwetu uzinduzi ukacheleweshwa mpaka tarehe 19 Aprili. Mwisho wake, dozi karibu milioni 1,3 zikapelekwa nchi zingine kabla hazijaharibika. Watu walikuwa na maswali, na tangazo halijibu swali. Anayejibu ni muuguzi wa mtaa anayejulikana, anayeongea Kiswahili na Lingala, na anayelipwa mshahara wake.

Na tusidanganywe kwamba chombo chenyewe hakiwezi kufanya vizuri zaidi. Anayelipia tangazo anaweza kuchagua umri, mji, hata kilomita chache kuzunguka pahali fulani. Wauza bia wanajua kutupata! Sasa kwa nini tangazo la kolera lisituambie: leo hapa Mangobo klorini inatiwa bure kwenye bidoni, pahali ni hapa, kituo cha matibabu ni kile, namba ya kupiga ni hii? Jibu ni rahisi: ili useme hivyo, lazima klorini iwepo. Kusema «nawa mikono» hakudai kitu kwa mkubwa yeyote. Kunaweka kosa lote kwa mwananchi: ukiugua, ni wewe mchafu.

Kifungu cha 48 cha Katiba yetu kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Maji, si picha ya maji.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila kampeni ya afya mkoani Tshopo itangaze hadharani pesa ngapi zimeenda kwa matangazo na ngapi kwa maji, klorini na wauguzi.
2. Tangazo lisitoke kabla ya huduma. Kwanza pahali pa maji safi, kisha tangazo la kutuelekeza pale, kwa Kiswahili na Lingala.
3. Serikali ya mkoa itoe ratiba ya kurudisha maji, komine kwa komine, yenye tarehe.

Na wewe kijana mwenye simu: tangazo likikuja, usilisukume tu. Andika chini yake, taja avenyu yako na komine yako, kisha uliza: «Mayi iko wapi?» Tukiuliza elfu moja, nayo wataihesabu.

Hatutanyamaza.