Bastola garini: kuvuka mkoa si kuvuka mpaka

Mfanyabiashara mwenye bastola ya halali anashuka kutoka Lushoto hadi Mombo. Akielekea Korogwe au Same, sheria ni ileile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mikoa yetu haitungi sheria za silaha. Marekani kila jimbo lina zake, hata mwaka 1986 ikabidi sheria ya taifa imlinde msafiri ambaye silaha yake haina risasi na imefungiwa mbali na mkono.

Kwetu wengi wanateleza hapa: leseni ni ya mtu, si ya gari. Ukimwachia dereva bastola aipeleke Tanga wewe ukiwa nyumbani, mmejitia matatani wote wawili. Na Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, usiingie na silaha bila ruhusa hata kama leseni iko mfukoni.

Horohoro ni habari nyingine kabisa. Leseni ya Tanzania haikulindi Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina leseni moja ya silaha, na vibali vya kutoa huku na kuingiza kule hutafutwa kabla ya safari, siyo dirishani mpakani. Kama unapeleka mboga Mombasa, muulize kwanza OCD wako namna ya kuihifadhi bastola hadi urudi.