Intaneti Nayo Ipimwe Mbele ya Mnunuzi



Hapana mkulima wa karafuu kisiwani humu akubaliye mali yake ipimwe nyuma ya pazia. Tangu enzi za frasila ya ratili 35 mpaka leo tuuzapo kwa kilo, mwenye karafuu husimama mbele ya mizani, akaona kipimo kwa macho yake, akapokea stakabadhi. Akiambiwa karafuu zake ni za daraja la chini huuliza sababu, na yampasa karani amwonyeshe makonyo au unyevu. Lakini watu hao hao twanunua intaneti kila wiki kwa fedha taslimu, wala hatuulizi mizani yake iko wapi.

Labda mtu atasema haya ni mambo ya vijana wa mjini. Sivyo. Habari za bei, fedha zipitazo benki au simuni, miadi ya gari la kubeba magunia, utabiri wa mvua siku karafuu zimeanikwa: yote haya sasa yapita katika simu. Mvua ikishuka na majamvi yako nje, hasara haimpati kijana wa mjini.

Kwanza tujue tunanunua nini. Kifurushi hutajwa kwa megabaiti au gigabaiti, yaani wingi. Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, na hapo wengi wetu hupotea, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Aliyeahidiwa megabiti 8 kwa sekunde atapokea megabaiti 1 tu kila sekunde, na hapo ahadi imetimizwa yote. Tena katika matangazo huwamo neno dogo, "hadi". Hadi megabiti kadha wa kadha! Neno hilo halimfungi muuzaji hata kidogo, maana hata sifuri imo ndani ya "hadi". Zaidi ya kasi ya kupokea iko kasi ya kupeleka, ambayo kwa kawaida ni ndogo zaidi, na uko ucheleweshaji, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, upimwao kwa milisekunde. Ucheleweshaji ukizidi, mazungumzo kwa intaneti huwa ya kukatizana maneno, hata kama kasi ni nzuri.

Sababu za unyonge wa intaneti si siri. Mnara mmoja hugawa uwezo wake kwa watu wote walioushika. Ndiyo maana alfajiri intaneti hukimbia na baada ya isha hutambaa. Vilima na mabonde ya Pemba huzuia mawimbi. Umeme ukikatika, mnara huishi kwa betri au jenereta mpaka navyo vichoke. Haya twayaelewa, wala hatumlaumu mtu kwa kilima. Tulalamikalo ni kutoambiwa. Tunaposomewa ni watu wangapi katika mia waliofikiwa na mawimbi ya 4G, hesabu hiyo ni ya watu wakaao mahali mawimbi yafikapo. Haisemi mtu yule hupata kasi gani saa mbili usiku nyuma ya kilima chake.

Wala hatuko bila sheria. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kanuni za ubora wa huduma zikatolewa mwaka 2018. Kwa kuwa posta na simu ni jambo la Muungano, Mamlaka hiyo ndiyo yetu pia huku visiwani. Hupima, na kila robo mwaka hutoa tarakimu. Twashukuru, lakini mkulima hana haja sana na wastani wa mkoa. Ataka kujua habari za shehia yake, na kampuni ipi yampa nini kwa shilingi yake.

Wengi wanakumbuka Aprili 2021. Tarehe 2 ya mwezi ule vilianza vifurushi vya utaratibu mpya, na watu wakaona fedha ile ile yanunua pungufu kuliko jana. Kelele zikawa kubwa hata Serikali ikazisitisha bei zile. Ghadhabu yote ilikuwa juu ya bei, na ilikuwa ya haki, lakini kwa maoni yangu tulisahau kutazama jambo jema lililokuwamo: mteja aarifiwe atumiapo asilimia 75 ya kifurushi, na aarifiwe tena kinapokwisha. Afrika ya Kusini kampuni zimelazimishwa tangu mwaka 2019 kuarifu katika asilimia 50, 80 na 100, na kumpa mteja njia ya kuhamishia mabaki yake mbele au kumgawia mwenziwe. Taarifa kama hizi ni mwanzo wa stakabadhi, ila stakabadhi yenyewe bado. Msimu uliopita mimi nilinunua kifurushi cha wiki kikaisha siku ya tatu. Nilipouliza niliambiwa, "Umetumia." Nimetumia nini, saa ngapi, kiasi gani? Hakuna aliyenionyesha hesabu.

Tena kuna kuzimika kwenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika upande wa pwani ya Afrika ya Kusini, na intaneti ikadhoofika hapa kwetu na kwa jirani zetu. Habari ilitangazwa mapema, watu wakavumilia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini ikarudi baada ya siku kadhaa, na haukuwa waya wa baharini uliokatika. Mtu aliyeshika simu shambani haoni tofauti ya mambo haya mawili. Kwake yote ni ukimya. Lakini aliyelipia kifurushi cha siku hizo ana haki ya kuambiwa ni lipi, kwa amri ya nani, na fedha yake itarudi vipi.

Basi naiomba Kamati ikubali tupime wenyewe. Katika kila tawi wapatikane wanachama watatu, na wapime kwa siku saba kabla ya mchumo na siku saba wakati wa mchumo: asubuhi, adhuhuri, na baada ya isha. Daftarini waandike mahali, saa, kampuni, kasi ya kupokea, kasi ya kupeleka na ucheleweshaji, hata siku ambayo kipimo kimekataa kabisa. Siku hiyo ndiyo yenye maana kuliko zote. Simu iwe ile ile, na programu nyingine zifungwe. Watahadhari kwamba kupima nako hula kifurushi, kwa hiyo chama kiwalipie. Na wajue kwamba programu nyingi za kupimia huongea na mtambo ulio karibu, zikatoa tarakimu ya kupendeza, hali huduma tuitakayo iko mbali ng'ambo. Kwa hiyo kila mara wajaribu pia kufungua ukurasa mmoja ule ule na kuandika umechukua sekunde ngapi.

Madaftari yakikusanywa, malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni zenyewe kwa barua, na nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Wasipojibu, yaende kwa Mamlaka. Matokeo yachapwe katika jarida hili, tawi kwa tawi, mazuri na mabaya. Walio tayari kupima wawape makatibu wa matawi majina yao kabla ya mkutano ujao.