Jenereta la jeshi: Unafuu uko kwenye vipuri, si kwenye bei

Mkulima wa zabibu mwenye kisima shambani, au mwenye mashine ya kukamua alizeti aliye mbali na nguzo za TANESCO, hana mshauri mbaya kama bei ya chini. Jenereta la dizeli lililostaafishwa na jeshi la Ulaya au Marekani, likauzwa kwa mnada na kuingia nchini kama mtumba, humvutia sana: chuma kinene, rangi ya kijani, injini iliyoundwa kwa ajili ya shida za vitani. Gharama yake halisi huanza kuhesabika siku linapogoma, magunia ya alizeti yamepangwa nje na wateja wanaulizana kama waondoke au wasubiri.

Dodoma ina sababu ya kulijua jambo hili kuliko mikoa mingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi wa karanga, ambao baadaye ulifika pia Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mapya yalikuwa haba baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo yakanunuliwa yaliyokwisha kutumika, mengi yao kutoka bohari za jeshi, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Yalipofika Kongwa, sehemu kubwa iliharibika ndani ya miezi michache. Vipuri havikuwapo, mafundi walikuwa wachache, na udongo wa huko ukikauka huwa kama sakafu ya saruji. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Uhaba wa mvua nao ulichangia, lakini hesabu ya mashine ilikosewa tangu mwanzo: iliangaliwa bei ya kununua, haikuangaliwa bei ya kutengeneza.

Hata hivyo, si haki kulilaumu jenereta kwa kila linapozima. Kasoro nyingi za injini ya dizeli ni za fedha kidogo, na mwenye mali hupata hasara kwa sababu ukaguzi huanzia mahali penye gharama kubwa. Fundi anaitwa, kichwa cha injini kinafunguliwa, gasketi mpya inatafutwa Dar es Salaam, kumbe tatizo lilikuwa betri.

Betri ndiyo ikaguliwe kwanza. Majenereta mengi ya jeshi huwashwa kwa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Betri moja ikichoka, au vichwa vyake vikishika kutu, stata huzunguka kivivu na lawama huangukia pampu ya dizeli. Kusafisha vichwa hivyo hakuhitaji zaidi ya brashi na spana.

Yafuatayo ni mafuta. Jenereta lililoachwa mpaka tenki likakauka haliwaki kwa kumiminiwa dizeli tu, kwa sababu hewa imeingia kwenye mipira. Ni lazima skrubu iliyo juu ya chujio ilegezwe na pampu ya mkono isukumwe mpaka mapovu yaishe. Maji yaliyotulia chini ya tenki nayo huzuia injini kuwaka na kutia kutu nozeli. Kuna pia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hailainishi pampu ipasavyo na huisaga taratibu. Mchezo huo ulipunguzwa sana na uwekaji wa vinasaba ulioanza mwaka 2010 na kupandishwa kwa kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, lakini anayenunua kwenye madumu ya barabarani bado hajui anachonunua.

Moshi nao unasema mengi. Mweusi maana yake hewa haitoshi au mzigo umezidi, na kwa vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi chujio la hewa ndilo la kushukiwa. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto unaonyesha dizeli isiyoungua vizuri, au maji. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo fundi anapostahili kufungua injini. Aidha, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na tabo inaweza kupoteza hadi asilimia 10 ya nguvu zake. Hilo si ugonjwa, na hakuna fundi atakayeliponya.

Kasoro inayoua majenereta haya mapema ni ya kujitakia. Jenereta likijizima lenyewe mara kwa mara, swichi za usalama zinaeleza kuwa oili imepungua au rejeta imechemka. Badala ya kuongeza oili au kusafisha rejeta, mtu anaunganisha waya moja kwa moja ili swichi zisifanye kazi. Kazi inaendelea wiki mbili, kisha injini inakwama moja kwa moja.

Lipo pia jenereta linalonguruma vizuri bila kutoa umeme. Likikaa bohari miaka mingi, usumaku uliobaki ndani yake hupotea na huhitaji kuamshwa kwa betri. Kazi hiyo ni ya fundi umeme anayeijua, kwa kuwa kuunganisha vibaya huunguza vifaa vya ndani.

Kubwa zaidi ni kibati cha maelezo, ambacho wanunuzi wengi hawakisomi. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Majenereta mengi ya jeshi la Marekani ni ya 60, na yapo hata ya 400. Mota ya pampu ya kisima iliyotengenezwa kwa mizunguko 50 ikilishwa 60 huzunguka haraka zaidi kwa asilimia 20, na pampu hiyo hudai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 70. Mota ikiungua, mkulima husema jenereta ni bovu, wakati jenereta limefanya lilichoundiwa.

Ukubwa nao una hesabu yake. Jenereta lenye mzigo wa kutosha hutoa takriban uniti 3 kwa lita moja ya dizeli. Lita ikiwa Sh 2,800, uniti moja ni zaidi ya Sh 900 kabla ya oili na machujio, wakati uniti ya TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida haifiki Sh 400. Jenereta la kilowati 30 likiendesha mota ya kilowati 5 hutoa pungufu ya uniti 2 kwa lita, na injini hujaa masizi kwa kutopata moto wa kutosha.

Sasa umeme umefika karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara, na kwa wengi jenereta limebaki la akiba. Mgawo wa mwaka 2006, maji ya Mtera yalipokauka, na ule wa mwishoni mwa 2023 unaonyesha kwamba akiba hiyo ina maana. Lakini jenereta la akiba lisilowashwa ndilo hugoma siku linapohitajika. Liwashwe walau mara moja kwa mwezi, likiwa na mzigo, kupitia swichi ya kubadilishia inayolitenga kabisa na laini ya TANESCO, la sivyo litamuua fundi aliye juu ya nguzo.

Anayekwenda kununua aombe liwashwe likiwa la baridi, lisiwe limepashwa kabla hajafika, kisha liendeshe mzigo halisi kwa saa nzima. Anakili namba ya chujio la mafuta na ya nozeli, azungushe madukani Dodoma na kuulizia Dar es Salaam kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Namba hizo zisipopatikana, jenereta jipya dogo la kilowati 7, hata kwa bei mara mbili, litamgharimu kidogo kuliko hilo la kijani.