Kabla hujawatupa wale askari wadogo wa mezani

Mama mmoja anayeishi Uingereza na familia yake ameniandikia akiwa amekasirika. Mumewe, mwenye umri wa miaka 58, alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia ulilegea, kazi akaacha, akawa mtu wa kushinda kwenye kochi akitazama ukuta. Kisha jirani yao, mzee wa Kiingereza, akamwalika kwake kuona mchezo anaoupenda. Leo sebule ya mama huyu imejaa askari wadogo wenye urefu wa pingili ya kidole gumba, vichupa vya rangi, brashi na dadu. Kijana wao wa miaka 14 naye ameingia humo humo, na nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili. "Daktari," anauliza, "mtu mzima mgonjwa anacheza na midoli ya vita, na mtoto anafundishwa kuua. Nitupe vyote?"

Jibu langu ni usitupe. Hofu yako ninaielewa, ila nadhani umeielekeza pasipo penyewe. Vita vya mezani havitaidhuru familia yako. Kuna vitu vingine juu ya meza hiyo vinavyoweza kuidhuru, na hivyo ndivyo nitakavyovitaja.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mchezo huu huigiza vita vya kihistoria kwa vijisanamu vya askari. Wachezaji wawili au zaidi hupanga majeshi yao kwenye meza yenye vilima, miti na nyumba ndogo. Inaweza kuwa vita vya Waterloo vya mwaka 1815, vya Warumi wa kale au vya Vita Kuu ya Pili. Kuna kitabu cha kanuni. Umbali hupimwa kwa futi ya kupimia, na matokeo ya shambulio huamuliwa kwa dadu. Kabla ya hapo mchezaji hukaa wiki nyingi akipaka rangi askari mmoja mmoja, akisoma vitabu ili ajue kikosi fulani kilivaa koti la rangi gani.

Ukitaka mfano wa nyumbani, fikiria wazee wanaocheza bao chini ya mwembe: watu wawili, akili zao, na watazamaji wanaotoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Hakuna anayemwambia mzee wa bao kwamba anacheza kitoto.

Tena mchezo huu una historia inayowagusa watu wa afya. Mmoja wa walioueneza zaidi Uingereza alikuwa Donald Featherstone, aliyetoa kitabu chake kiitwacho War Games mwaka 1962. Alikuwa amepigana Vita Kuu ya Pili katika kikosi cha vifaru. Kazi yake ya kila siku ilikuwa tiba ya viungo mjini Southampton, akiwasaidia watu kurudisha nguvu za miguu na mikono. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 95.

Mgonjwa anapata nini

Baada ya kiharusi, takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu hupatwa na sonona. Hali, halali vizuri, hataki wageni, na mazoezi aliyopewa hayafanyi. Familia huona uvivu au kiburi, kumbe ni ugonjwa juu ya ugonjwa. Mtu huyo anahitaji matibabu, lakini anahitaji pia sababu ya kuamka asubuhi. Akiwa na askari kumi na wawili ambao hawajapakwa rangi, na jirani anayemsubiri Jumamosi saa kumi, hiyo ni sababu tosha.

Halafu kuna mkono. Mkono uliolegea kwa kiharusi hupata nafuu kwa kutumiwa, tena kwa kuirudia mara nyingi kazi ambayo mgonjwa anaiona ina maana. Kufungua kichupa cha rangi, kushika brashi, kumsogeza askari bila kumwangusha mwenzake, kurusha dadu: yote hayo ni mazoezi, na mgonjwa huyafanya bila kuhesabu. Kama vidole havijashika vizuri, zungushia mpini wa brashi sponji au kitambaa uwe mnene. Mbandike askari juu ya kizibo cha chupa ili awe na pa kushikia. Mweleze mtaalamu wake wa tiba ya viungo kuhusu mchezo huu, atafurahi kuutumia.

Sisemi kwamba askari wadogo ni dawa ya kiharusi. Vidonge vya shinikizo la damu viendelee, na kliniki asiikose. Huu pia ni mchezo wa kukaa, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kadiri hali yake inavyoruhusu. Kwa hiyo aende kwa jirani kwa miguu kama anaweza. Na akiwa anapaka rangi, kila baada ya dakika 20 ainue macho atazame kitu kilicho mbali mita sita kwa sekunde 20, anyooshe shingo, asimame.

Je, mtoto anajifunza kuua?

Hapa nina msimamo wangu. Mtoto wa miaka 14 anayecheza mchezo huu analazimika kusoma kanuni, kungoja zamu, kushindwa mbele ya watu na kumpa mkono aliyemshinda. Namlinganisha na mwenzake aliyejifungia chumbani usiku wa manane akipiga risasi kwenye simu, peke yake, bila mtu wa kumwambia inatosha. Sioni kwa nini nimwogope wa kwanza.

Mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo huu mwaka 1913, kiitwacho Little Wars. Humo anaeleza kwamba ukicheza mara chache tu utaelewa jinsi vita halisi vilivyo vya hovyo. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na ikafika hadi kwetu.

Hapo ndipo penye kazi ya mzazi. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 huchezwa mezani na Waingereza hadi leo. Jeshi lililoletwa kutoka India, watu wapatao 8,000, lilishindwa na watu wapatao 1,000 wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, na nyuki nao wakaingia vitani. Ni kisa kitamu cha kucheza. Lakini meza haina wapagazi. Katika vita vile, makumi ya maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Kaa na mwanao mezani umuulize: waliobeba chakula cha hawa wako wapi? Waliougua walitibiwa na nani? Mtoto anayeulizwa maswali hayo hatakuwa mpenda vita. Atakuwa anajua vita ni nini kuliko wenzake wengi.

Hata hivyo, wapo ambao ninawashauri wauache mchezo huu, au wauanze kwa uangalifu mkubwa. Wasomaji wetu ni pamoja na familia zilizokimbia vita vya kweli, Kongo au Burundi. Kama mtu wa nyumbani kwako akiona meza hiyo moyo unamwenda mbio, anakosa usingizi, anaota ndoto mbaya au ananyamaza ghafla, kwake huo si mchezo. Ondoeni meza mbele yake, na mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Hatari ni hizi

Ya kwanza ni sumaku. Wachezaji wengi hubandika sumaku ndogo chini ya askari ili wasianguke wakisafirishwa. Sumaku hizo ni ndogo kama punje ya dengu, lakini zina nguvu sana. Mtoto akimeza mbili, huvutana zikiwa tumboni na kuubana utumbo katikati hadi utoboke. Ukishuku mtoto amemeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheza na kucheka. Usingoje zitoke zenyewe.

Ya pili ni kupaliwa. Askari, silaha zao na dadu ni vitu vya kukwama kooni. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, chochote kinachopita ndani ya kile kigurudumu cha katoni cha karatasi za chooni ni hatari. Wewe mwenye mtoto wa miaka miwili, askari wote wakae kwenye kabati lenye ufunguo, na sakafu ifagiliwe kila mchezo unapokwisha.

Ya tatu ni madini ya risasi. Askari wengi wa zamani waliyeyushwa kwa madini hayo, na bado wanauzwa mkononi kwa bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Kama hujui askari wa chuma ametengenezwa kwa nini, mchukulie kuwa ana risasi. Usimkwangue bila barakoa, usilie chakula kwenye meza hiyo, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Mtoto aliyekuwa akiwatia mdomoni apimwe damu.

Askari wa rezini nao wana vumbi baya kwa mapafu, hasa ya mwenye pumu. Wasuguliwe wakiwa wamelowa, dirisha likiwa wazi, barakoa usoni.

Ya nne ni tabia ya kuichonga ncha ya brashi kwa ulimi. Nimewaona wachoraji wengi wakifanya hivyo bila kujua. Acha. Na kikombe cha kuoshea brashi kisikae karibu na kikombe cha chai, kwani siku moja utakosea.

Ya tano ni kisu na supaglu. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hutumia dawa za kuzuia damu isigande, hivyo kijeraha kidogo hutoka damu kwa muda mrefu. Mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimekufa ganzi anaweza kujikata asijue. Kazi ya kisu aifanye kijana au jirani. Supaglu ikinasa vidole, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, usivute kwa nguvu. Ikiingia jichoni, usijaribu kufungua kope, nenda hospitali.

Mkienda kwenye maonyesho

Uingereza kuna maonyesho makubwa ya mchezo huu. Yanayojulikana sana ni Salute ya London, yaliyoanza mwaka 1972 na sasa hufanyika katika ukumbi wa ExCeL. Huko kuna meza kubwa zilizopangwa kwa ustadi, wauzaji, na meza za kumkaribisha mgeni acheze bila kuwa na jeshi lake.

Ninapenda mgonjwa aende. Kupaka rangi peke yako usiku kucha kunaweza kugeuka njia nyingine ya kujificha. Faida kubwa ya mchezo huu ipo kwa yule mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, na maonyesho yamejaa watu wa namna hiyo. Ila ukumbi ni mkubwa, una kelele na kusimama kwingi. Nendeni mapema, ulizeni viti viko wapi, bebeni dawa za siku nzima na maji. Mwenye kisukari asiende bila kitu cha kula. Mtoto anayesumbuliwa na kelele na msongamano apewe mapumziko nje. Mdogo wa miaka miwili abaki nyumbani.

Na wekeni kiwango cha fedha kabla ya kuondoka, maana askari hawa si rahisi, na nimeshaona hobi nzuri ikileta ugomvi wa kodi ya nyumba. Anayeanza anaweza kutumia askari wa karatasi, au kucheza kwa jeshi la mwenzake. Brashi mbili na rangi sita zinatosha mwaka wa kwanza.

Mama, umeniambia jambo moja mwishoni mwa barua yako, kama vile halina uzito: kwamba Jumamosi iliyopita mumeo alivaa viatu mwenyewe, akafunga kamba kwa mkono wa kulia, kwa sababu alikuwa anachelewa kwa jirani. Kabla ya kushika mfuko wa takataka, ikumbuke kamba hiyo. Kisha tafuta sumaku, zifungie kabatini, na Jumamosi ijayo mfuate ukamwone akicheza.