Mkeka Si Elimu ya Mpira

Mama zetu wa Kilwa wanapotaja mkeka, hukusudia ukindu waliousuka kwa mikono yao: hukaliwa na wageni, huswaliwa juu yake, na maiti hulazwa juu yake. Kijana wa leo, awe Masoko au Kivinje, akitaja mkeka hukusudia orodha ya mechi alizowekea dau. Neno limebaki, baraka yake imeondoka.

Wapo wazazi wanaomtetea kijana huyo. Husema haibi wala halewi. Anatumia elimu, kwani anazijua timu. Tuipime hoja hiyo.

Msimu wa 2015/16, katika Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikiwania kupanda Ligi Kuu. Mechi za mwisho zilipochezwa, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Aprili 2016 TFF iliziadhibu timu zote nne kwa kupanga matokeo, na Mbao FC ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Jirani zetu nao hawakusalimika: Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne kwa kupanga matokeo katika Ligi Kuu ya Kenya, mmoja wao maisha.

Basi aliyekesha akichambua timu, elimu yake itamfaa nini iwapo beki amekwishapokea chake?

Allah (SW), katika Surat Al-Maida, aya ya 90 na 91, ameitaja kamari pamoja na ulevi, akabainisha kuwa kwa hayo shetani hutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuilia Swala. Hakika pato la mcheza kamari ni hasara ya mwenziwe. Palipo na mali ya namna hiyo, hakosekani mwenye kutaka kuinunua bahati. Kupanga matokeo ni mtoto wa kamari, wala hatuwezi kumlaani mtoto huku tukimlea mama yake.

Naye Mtume (SAW), katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemwagiza mtu aliyemwalika mwenziwe kucheza kamari atoe sadaka. Ikiwa mwaliko pekee una kafara yake, kucheza kwenyewe kukoje?

Mpira hatuukatazi. Namungo ya Ruangwa imeupa mkoa wetu wa Lindi fahari tangu ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Kijana na aishangilie bila dau.

Msimu wa ufuta, fedha za mauzo huingia nyumbani kwa mkupuo. Baba, kabla hazijatawanyika, keti na wanao mzigawe kwa hesabu: ada ya madrasa, deni la dukani, mbegu za mwakani. Nawe mama, kijana asiye na kazi akileta kitoweo cha ghafla, muulize kimetoka wapi kabla hujabandika chungu. Swali hilo halimvunjii heshima. Linamhifadhia chakula chake.

Allah atujaalie riziki ya halali. Aamin.